Darsa ya Wanachama: Kupeleka Mizigo Mikubwa kwenye Maghala ya Soko la Mtandaoni



Katika mikutano ya tawi letu hapa Amani limeulizwa mara nyingi swali moja: je, yawezekana mtu wa Unguja kuuza masanduku ya kuchonga, meza na viti kwa wanunuzi wa ng'ambo kwa njia ya soko la mtandaoni? Jawabu ni kwamba yawezekana. Lakini faida ya biashara hii au hasara yake haipatikani kule ghalani ng'ambo. Hupatikana hapa hapa kwetu, siku fundi anapochukua futi na kupima mbao zake za kwanza. Madhumuni ya darsa hii ni kueleza kwa nini.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba habari hizi hazihusu karafuu. Karafuu zetu na makonyo yake huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, shirika lililoanzishwa mwaka 1968, na sheria ya karafuu ya mwaka 2014 imelikazia jambo hilo. Asidhani mwanachama yeyote kwamba ataficha farasila moja chini ya sanduku la kuchonga akasalimika. Tunazungumzia kazi za mikono. Kila mwenye shamba ajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja hujaza majamvi, na mwaka wa pili hata ujira wa wachumaji haurudi. Katika miaka hiyo ya uhaba ndipo kazi za seremala zinapoweza kuitunza nyumba, madhali mtaji wake hauishii katika nauli.

1. Ghala hili ni la namna gani?

Zamani mfanya biashara alipeleka mali kwa mtu anayemjua, Bombay au Maskati. Mzigo ukifika na kasoro waliandikiana barua na kupatana. Soko la mtandaoni halina mtu wa kupatana naye. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza mwaka 2006 kuwawekea wauzaji bidhaa zao katika maghala yake. Muuzaji hupeleka mali mapema, ghala huihifadhi, na mnunuzi akiagiza ghala hufunga na kupeleka. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilinunua soko la Souq la Dubai, na mwaka 2019 ikafungua soko lake la Imarati, ambalo kwetu ni karibu zaidi kuliko Marekani.

Ndani ya ghala hilo mzigo husomwa kwa mashine na kupita juu ya mikanda. Usiosomeka, au uliozidi kipimo, huwekwa kando, hutozwa ada ya ziada, au hurudishwa kwa gharama ya mwenyewe. Kwa hiyo kila jambo ambalo zamani lilisahihishwa kwa barua, leo sharti lisahihishwe kabla mzigo haujatoka bandari ya Malindi.

2. Mzigo hulipiwa nafasi, si uzito peke yake

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Sisi wakulima tumezoea mizani: gunia likiwa zito, bei yake ni kubwa. Mwenye ndege na mwenye meli wana mizani mbili. Moja ni ya uzito wa kweli, na ya pili ni ya nafasi. Huzitazama zote mbili, kisha hutoza kwa ile iliyo kubwa.

Kwa ndege hesabu yake ni hii: zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawa kwa 6,000. Utakachopata ndicho uzito wa ujazo kwa kilo. Kampuni za kupeleka vifurushi kwa haraka aghalabu hugawa kwa 5,000, na hapo mzigo huwa ghali zaidi.

Tuchukue sanduku la Kiunguja la misumari ya shaba. Likishafungwa lina urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60, na uzito wake mizanini ni kilo 55.

120 × 60 × 60 = 432,000. Gawa kwa 6,000, jawabu ni 72.

Basi sanduku la kilo 55 litalipiwa kilo 72. Sasa tuseme mfungaji hakuangalia, akaongeza matambara na makaratasi ya sentimita 5 kila upande. Sanduku limekuwa 130 kwa 70 kwa 70.

130 × 70 × 70 = 637,000. Gawa kwa 6,000, jawabu ni 106 na kidogo.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, wakala anatoza shilingi 10,000 kwa kilo. Nauli imetoka shilingi 720,000 ikawa shilingi 1,060,000. Shilingi 340,000 zimekwenda kununua hewa. Fundi hakuongeza nakshi hata moja, wala mnunuzi hakupata kitu zaidi. Mwenye sanduku ndiye aliyelipa.

Kwa meli hali ni nafuu. Desturi ya baharini ni kutoza kwa tani moja au kwa mita moja ya ujazo, lolote lililo kubwa. Sanduku letu la kwanza ni mita za ujazo 0.432. Lakini wakala wa kontena la kushirikiana mara nyingi hatozi chini ya mita moja nzima. Mwenye sanduku moja hulipia nafasi ya masanduku mawili. Hapa ndipo faida ya kuwa na chama inapoonekana: wanachama wawili wakipeleka pamoja masanduku yao, watatumia mita 0.864, na kila mmoja atalipa nusu.

3. Mzingo

Kipimo cha pili ni mzingo, na wengi hawakijui. Chukua upana, jumlisha na kimo, zidisha kwa mbili. Huo ndio mzingo. Kisha ongeza urefu. Kwa sanduku letu: 60 na 60 ni 120, mara mbili ni 240, ukiongeza urefu 120 ni 360.

Kampuni ya UPS huko Marekani, kwa mfano, haipokei kifurushi ambacho urefu wake pamoja na mzingo vyazidi sentimita 419, au urefu peke yake wazidi sentimita 274, au uzito wazidi kilo 68. Sanduku letu la 360 lapita. Lile lililojazwa matambara lafika 410, yaani limebakiza sentimita 9 tu. Kamba nene, pembe za mbao na boksi lililovimba kwa unyevu wa bahari zaweza kuzimaliza sentimita hizo. Mzigo hupimwa penye sehemu yake inayotokeza zaidi. Asije mtu akapima bapa la sanduku akasahau komeo.

4. Maghala yenyewe yanataka nini?

Katika maghala ya Amazon ya Marekani kitu cha ukubwa wa kawaida hakitakiwi kuzidi inchi 18 kwa 14 kwa 8, yaani kama sentimita 45 kwa 35 kwa 20, wala uzito wa ratili 20, ambazo ni kama kilo 9. Kikizidi hapo huhesabiwa katika daraja la vitu vikubwa, na ada zake hupanda.

Boksi lenye vitu vingi lisizidi ratili 50, yaani kama kilo 22 na nusu. Kitu kimoja kizito kuliko hapo hupokelewa, lakini sharti kibandikwe maneno ya kuonya kwamba kinyanyuliwe na watu zaidi ya mmoja. Na kikizidi ratili 100, maneno ya kwamba kinyanyuliwe kwa mashine. Mizigo inayopangwa juu ya paleti hutumia paleti ya inchi 40 kwa 48, kimo kisizidi inchi 72, na kibandiko cha shehena kiwe katika pande zote nne.

Kila nchi ina jedwali lake, na majedwali haya hubadilishwa. Kabla fundi hajaanza kazi, soma jedwali la nchi unayopeleka, la mwaka huo huo.

5. Namna ya kupunguza

Njia ya kwanza ni kufumua. Tuchukue meza ya urefu 100, upana 80 na kimo 75, uzito kilo 24. Ikifungwa imesimama, ni 600,000 gawa kwa 6,000, yaani kilo 100. Ikiwa miguu yake imetiwa skurubu badala ya gundi, itavuliwa na kulazwa chini ya bao, na kimo kitakuwa 15. Hapo ni 120,000 gawa kwa 6,000, yaani kilo 20. Mizani ya kweli ndiyo iliyozidi, na utalipa kilo 24. Meza ni ile ile. Tofauti ni skurubu chache ambazo fundi alizikumbuka mapema. Meza iliyokwisha gundishwa haifumuki bila kuharibika.

Njia ya pili ni kupunguza umbo. Sanduku dogo la vito ambalo pamoja na boksi lake halizidi sentimita 45 kwa 35 kwa 20 laingia katika daraja la kawaida. Kwa hesabu ya ujazo, mita moja yachukua masanduku makubwa mawili tu, na madogo kama haya 31. Kwa kupanga yatapungua kidogo. Nakshi ni zile zile na shaba ni ile ile.

Milango ya kuchonga nayo yafumuka: miimo, mfaa, kizingiti na mbao zake mbili. Lakini tunasema milango mipya. Milango ya kale ya Mji Mkongwe si bidhaa. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na anayeng'oa mlango wake anauza kitu ambacho si chake peke yake.

6. Mbao za kufungia, na hati

Mbao za kreti na paleti hubeba wadudu. Kwa sababu hiyo uko mkataba wa kimataifa, kanuni namba 15 ya mwaka 2002, unaotaka mbao hizo zitiwe joto la sentigredi 56 hata katika kiini chake kwa dakika 30, au zitiwe dawa iliyokubaliwa, kisha zigongwe muhuri. Bila muhuri mzigo waweza kuzuiliwa, kurudishwa au kuchomwa moto. Plaiwudi haimo katika sharti hilo. Kwa hiyo kreti ya plaiwudi hupunguza uzito na hupunguza taabu.

Kazi yenyewe pia huulizwa asili yake. Sheria ya Marekani iitwayo Lacey, ilipopanuliwa mwaka 2008, ilidai jina la kitaalamu la mti na nchi ulikokatwa. Basi fundi aandike tangu anaponunua mbao: mvule, Milicia excelsa, msaji, Tectona grandis, mfenesi, Artocarpus heterophyllus. Mpingo, Dalbergia melanoxylon, umo katika mkataba wa CITES tangu mwaka 2017, na mzigo wake mkubwa wahitaji kibali.

Tena, Amazon haikubali kuandikwa kuwa ndiyo iliyoagiza mali forodhani. Sharti muuzaji awe na mtu wake au wakala katika nchi ile, na ushuru na nauli vilipwe mpaka mlangoni. Zamani vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 viliingia Marekani bila ushuru. Ruhusa hiyo ilisimamishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Anayepiga hesabu kwa habari za zamani atajikuta anadaiwa.

7. Baada ya kufika

Mali ikishapokewa, kodi ya ghala huhesabiwa kila mwezi kwa futi za ujazo. Huko Marekani Amazon huipandisha kodi hiyo kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Sanduku kubwa likikaa miezi mingi bila ya kununuliwa laweza kuila thamani yake, na kulitoa pia kuna malipo. Kwa hiyo yafaa kupeleka machache kwanza, kuangalia mwendo wake, na kuongeza baadaye. Haraka haraka haina baraka.

8. Daftari

Tunashauri kila mwenye nia ya biashara hii awe na daftari lenye safu hizi: kipimo baada ya kufungwa, uzito wa kweli, uzito wa ujazo, mzingo, jina la mti, nauli, ushuru, ada ya ghala, na bei ya kuuzia. Ukijumlisha gharama ukakuta bei haizifikii, usikate mbao. Hapo hujapoteza ila karatasi moja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Vipimo viandikwe kwa kweli. Wako wanaoandika sentimita chache pungufu wakitaraji kupenya. Mashine za ghala hupima upya, na tofauti hutozwa. Hata bila ya mashine, sisi tuliosoma chuoni twaijua Suratul Mutaffifin na onyo lake juu ya wanaopunja vipimo.

Maswali ya mazoezi

(1) Kiti kimefungwa kikiwa na sentimita 60 kwa 60 kwa 90, uzito kilo 14. Kitalipiwa kilo ngapi kwa ndege? Kikikunjwa kimo kikawa 30, kitalipiwa ngapi?

(2) Kifurushi kina urefu 150, upana 50 na kimo 40, uzito kilo 70. Tafuta urefu pamoja na mzingo. Je, UPS huko Marekani watakipokea? Toa sababu.

(3) Taja mambo matatu ambayo sharti yajulikane kabla fundi hajakata ubao wa kwanza.

Kila mmoja aje na majibu yake katika mkutano ujao wa tawi, pamoja na futi ya kupimia na kitu kimoja anachotaka kuuza. Tutavipima vyote pale pale mbele ya wanachama, na watakaokuwa na vya kutosha kujaza mita moja ya ujazo wataandikwa pamoja.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama