Kusudi Lako na Njia ya Kulifikia

Ukiwauliza watu kumi wanataka kufanya nini mwaka huu, wote kumi watakuwa na jibu. Huyu ataka kujenga nyumba, yule ataka kujifunza hesabu za duka, mwingine ataka kuacha pombe. Waulize tena: Juma hili utafanya nini kwa ajili ya jambo hilo? Hapo wengi watanyamaza. Si kwamba ni wavivu, wala si kwamba walisema uongo. Tamaa wanayo, lakini hawajaifanyia njia, nayo hukaa pale pale mwaka hata mwaka. Katika somo hili tumtazame mtu mmoja aliyejitengenezea njia, tuone la kuchukua kwake na la kuacha.

Mtu huyo ni Benjamin Franklin. Alizaliwa mwaka 1706 katika mji wa Boston. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni, na yeye mwenyewe alikaa shuleni miaka miwili tu, kisha akawa mpiga chapa. Baadaye alijulikana kote kwa uchunguzi wake wa umeme, na mwaka 1776 alikuwa mmoja wao waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani. Lakini habari tunayoitaka ni ya ujana wake huko Philadelphia, alipokuwa hajatimiza miaka thelathini. Aliazimu kuzishinda tabia zake mbaya zote. Akaona upesi ya kuwa kuazimu peke yake hakutoshi, maana alipojilinda upande huu, kosa liliingia kwa upande wa pili. Ndipo alipotengeneza kijitabu.

Akaandika tabia njema 13 alizozitaka, kama vile kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza, utaratibu, bidii, haki na unyenyekevu. Kwa kila moja alieleza maana yake kwa maneno machache, asipate nafasi ya kujidanganya. Kisha akapiga mistari kwa wino mwekundu: safu 7 kwa siku za juma, na mistari 13 kwa zile tabia. Kila siku alijihoji, na penye kosa akatia doa jeusi.

Sasa angalieni sana jambo hili, maana ndicho kiini cha mpango wake. Hakuzishika zote 13 pamoja. Juma la kwanza alijitahidi kwa kiasi tu, mstari ule ukae bila doa. Kwa tabia nyingine aliandika makosa yake, lakini hakushindana nayo bado. Juma la pili aliongeza kunyamaza, akajitahidi mistari miwili iwe safi. Hivyo mzunguko mmoja ulikwisha kwa majuma 13, na mwaka mmoja ulikuwa na mizunguko 4. Mwenyewe aliifananisha kazi hiyo na kupalilia bustani, tuta moja kwanza, kisha la pili. Kila mkulima anajua maana yake. Mtu akimbiaye huku na huku aking'oa jani hapa na jani pale, jua huchwa naye hana hata tuta moja lililo safi.

Tena hakuzipanga ovyo. Kiasi kilitangulia, kwa kuwa kichwa kilicholewa hakiwezi kulinda kitu kingine chochote. Kuweka akiba na bidii vilifuatana, kwa kuwa alikuwa na deni bado, naye alitaka kulimaliza. Basi nawe, kabla ya kuandika hatua zako, tafuta ni ipi itakayozifungulia nyingine mlango. Hiyo iwe ya kwanza, hata kama si ile unayoipenda.

Haya, tuyalete nyumbani. Tuseme binti mmoja ataka kununua cherehani, na bei yake ni shilingi 390,000. Akisema, Nitaweka akiba, hajasema neno. Na agawanye. Kwa majuma 52 yampasa kuweka shilingi 7,500 kila juma. Ahesabu faida ya maandazi yake. Akiona haivuki 5,000, cherehani itapatikana kwa majuma 78, yaani mwaka mmoja na nusu. Huzuni ya kuyajua hayo leo ni ndogo kuliko ya kuyajua mwisho wa mwaka, wakati moyo umekwisha kuvunjika. Kisha aandike ni siku gani ataweka fedha hizo, na mahali gani, na kila Jumamosi atie alama katika daftari lake.

Na msiba ukitokea? Utatokea. Mtu aandikaye mpango kana kwamba hakuna jirani atakayefiwa wala mtoto atakayeugua, anaandika ndoto. Na aongeze majuma manne au matano yasiyo na hesabu, ili siku ya kutoa mchango wa mazishi asijione ameshindwa, akaliacha daftari. Kwa maoni yangu mipango mingi hufa hapo: juma moja baya linapita, mwenyewe anaona haya kulifungua daftari tena, basi.

Franklin naye aliona haya. Asema alistaajabu kujikuta ana makosa mengi kuliko alivyodhani, ila alifurahi kuyaona yakipungua. Alifuta madoa na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka, akahamia kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu vilivyoweza kupanguswa kwa maji. Utaratibu ulimshinda kabisa. Hapo alikumbuka kisa cha mtu aliyenunua shoka, akataka bapa lake lote ling'ae kama makali yake. Mhunzi akakubali, mradi mtu yule azungushe jiwe la kunolea. Alipochoka akasema shoka lenye madoa ndilo alipendalo. Kisa hiki kinachekesha, lakini shoka lile lilikata miti.

Liko jambo jingine, na hili si la kuchekesha. Haki ilikuwa ya 8 katika orodha yake, na bado kwa miaka mingi Franklin alikuwa na watumwa nyumbani mwake. Maelezo aliyoiandikia haki hayakuwataja. Ni katika uzee wake tu, mwaka 1787, alipokuwa mkuu wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa, na mwaka 1790, miezi miwili kabla ya kufa, alitia sahihi ombi kwa bunge la Marekani juu ya jambo hilo. Kijitabu humwuliza mtu yale tu aliyoyaandika mwenyewe.

Hata unyenyekevu haukuwamo hapo kwanza. Tabia zilikuwa 12, mpaka rafiki yake mmoja wa dini ya Quaker alipomwambia kwa upole kwamba watu humwona ana majivuno, akampa na mifano. Ndipo akaiongeza ya 13. Kwa hiyo binti yetu, akiisha kuandika mpango wake, na ampelekee mtu ampendaye asiyemwogopa. Shangazi yake atalisoma daftari polepole, pengine atamwuliza, "Mwanangu, cherehani nimeiona. Karo ya mdogo wako umeiandika wapi?"