Fundi Ajue Uzito Kabla ya Kununua Chuma

Fundi anayechora kazi yake kwa kompyuta anaweza kujua uzito wake kabla ya kukata chuma. Programu hupima ujazo wa umbo, kisha huuzidisha kwa uzito wa kila sentimita ya ujazo wa malighafi.

Mfano ni bamba la kitako cha nguzo: milimita 200 kwa 200, unene milimita 10, lenye matundu 4 ya bolti ya kipenyo cha milimita 18. Katika programu ya SolidWorks:

1. Mchoro uwe umbo kamili lenye unene, si mistari mitupu.
2. Malighafi ichaguliwe, kwa mfano chuma cha kawaida.
3. Kitufe cha Mass Properties kibonyezwe, kisha ujazo na uzito visomwe.

Hesabu ya mkono huthibitisha jibu. Bamba zima lina sentimita 400 za ujazo. Matundu yote 4 huondoa 10.2, zikabaki 389.8. Chuma kina takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo bamba lina kilo 3.06.

Hatua ya pili isirukwe. Pasipo malighafi, programu hiyo huhesabu gramu 1 tu, kama maji, na bamba huonekana lina gramu 390. Kwa mabamba 100, fundi atapanga usafiri wa kilo 39, ilhali mzigo ni kilo 306.