KILIMO CHA CHAI NYUMBANI: TANGU KIPANDIKIZI HATA MAVUNO
Somo kwa wakulima wadogo wa Nyaramba na sehemu zote za milima ya Gusii

Mkulima wa mahindi akikosea mwaka huu, mwaka ujao hulima tena na kulisahihisha kosa lake. Mkulima wa chai hana nafasi hiyo. Mti wa chai ukitunzwa vema huishi zaidi ya miaka hamsini, na sura yake hufanyika katika miaka mitatu ya kwanza. Shamba likipandwa vibaya, hasara yake itarithiwa na watoto, na pengine na wajukuu. Kwa sababu hiyo yafaa kila mtu atakaye kupanda chai, au kuziba mapengo katika shamba la zamani, ajifunze kazi hii hatua kwa hatua kabla hajashika jembe.

Chai si mmea wa asili wa nchi yetu. Ililetwa Kenya mwaka 1903, ikapandwa kwanza Limuru. Kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya mashamba makubwa ya Wazungu, hasa Kericho na Limuru. Katika miaka ya 1950 wakulima Waafrika walianza kuipanda katika mashamba yao madogo, na mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha wakulima hao kilifunguliwa Ragati, Nyeri. Mwaka 1960 likaundwa shirika la kusimamia mazao hayo, na mwaka 1964 mahali pake pakachukuliwa na KTDA. Leo, katika Kaunti ya Nyamira peke yake, viko viwanda vya wakulima kama vile Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi na Tombe, na nyumba nyingi hutegemea majani hayo kwa karo ya shule.

1. KUCHAGUA MAHALI

Chai hupenda mvua ya kutosha mwaka mzima, baridi ya milimani, na udongo mwekundu wenye kina kirefu usiotuamisha maji. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chai hutaka udongo wenye uchachu. Wapimaji wa udongo hutumia kipimo kiitwacho pH. Udongo usio na uchachu wala magadi huwa na kipimo cha 7, na chai hustawi vizuri kati ya 4.5 na 5.6.

Hapa ndipo mtu hudanganyika. Mahali palipokuwa nyumba ya kale, au zizi la ng'ombe, au tanuri la makaa, mahindi na migomba hustawi mno, na mwenye shamba hudhani kwamba chai nayo itastawi. Lakini majivu na samadi vya miaka mingi vimeuondoa uchachu wa udongo ule. Miti ya chai iliyopandwa hapo hugeuka manjano, hudumaa, na mwisho hufa kidogo kidogo. Mahali pa namna hiyo paachiwe mboga au ndizi. Mwenye shaka na apeleke udongo wake kupimwa; gharama ya kupima ni ndogo kuliko gharama ya kupanda mara mbili.

Jambo la pili ni visiki. Katika mizizi ya miti mikubwa ya msituni hukaa ukungu uitwao Armillaria, ambao hupita chini kwa chini hadi kwenye mizizi ya chai na kuiua. Mti wa chai ulioshikwa na ugonjwa huu, ukibanduliwa gome karibu na ardhi, huonyesha utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Dawa bora ni kuzuia. Kabla ya kuukata mti mkubwa, mbandue gome kuuzunguka shina, kisha uuache umesimama hata ukauke. Chakula kilichomo mizizini hukwisha, na ukungu hukosa cha kula. Baada ya hapo ung'oe mti pamoja na mizizi yake yote.

2. KITALU

Zamani chai ilipandwa kwa mbegu. Ubaya wa mbegu ni kwamba kila mche huwa na tabia yake. Mmoja huzaa sana, jirani yake huzaa haba. Siku hizi hutumiwa vipandikizi, yaani vipande vilivyokatwa kutoka kwa mti mmoja uliochaguliwa kwa wingi wa majani na utamu wa chai yake. Watoto wote wa mti huo hufanana nao kabisa. Watafiti wa chai walioko Kericho wametoa aina nyingi za namna hii, na Bwana Shamba aweza kukuambia ni ipi inayofaa mahali pako.

Mti mama huachwa bila kuchumwa kwa miezi kadhaa hata utoe matawi marefu. Tawi hukatwa asubuhi mapema, likawekwa kivulini penye unyevu. Tupa ncha iliyo laini mno, na tupa sehemu ya chini iliyokwisha kuwa mti mkavu. Sehemu ya katikati hukatwa kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na jani moja zima, jicho lililo kwapani mwa jani hilo, na kijiti cha urefu wa inchi moja na nusu hivi chini yake.

Mifuko midogo ya plastiki iliyo wazi chini hujazwa udongo wa namna mbili. Chini hutiwa udongo mweusi wa juu ya ardhi, uliochanganywa na mbolea kidogo ya kukuza mizizi. Juu hutiwa udongo mwekundu uliochimbwa chini, usiotiwa mbolea. Sababu yake ni hii: kidonda cha kipandikizi kikigusa udongo wenye mbolea au takataka zioezazo, huoza kabla hakijatoa mizizi. Mizizi ikishatoka, hushuka yenyewe na kukikuta chakula kule chini.

Choma kipandikizi wima, na jani lake lisiguse udongo. Mwagia maji, kisha funika tuta lote kwa karatasi ya nailoni ing'aayo iliyotandazwa juu ya fito zilizopindwa kama upinde, na kingo zake zifukiwe ili unyevu usitoke. Juu ya hayo yote jenga kivuli cha nyasi au cha wavu. Fungua mara moja moja tu, kutazama kama udongo umekauka na kuondoa vilivyokufa. Mizizi ikishashika, nailoni hufunguliwa pole pole, kwanza saa chache, halafu siku nzima, na kivuli hupunguzwa vivyo hivyo. Mche uliotolewa ghafula juani hufa kama mtoto aliyevuliwa nguo penye baridi. Kazi yote ya kitalu huchukua miezi minane hata mwaka mmoja.

3. KUPANDA

Panda mwanzoni mwa mvua za masika. Penye mteremko, mistari ifuate usawa wa kilima, isishuke nao, maana mvua ya Gusii ni nzito na huchukua udongo wote wa juu. Nafasi ifaayo ni futi nne kati ya mistari, na futi mbili na nusu kati ya mti na mti. Kwa hesabu hiyo ekari moja huchukua miti 4,356, na robo ekari huchukua 1,089.

Uondoe mfuko wa plastiki wakati wa kupanda, lakini bonge la udongo lisivunjike. Mche uliozikwa pamoja na mfuko wake huzungusha mizizi ndani kama kamba, na kiangazi cha kwanza huuua. Usiuzike mche kwa kina kupita alivyokuwa kitaluni. Shindilia udongo kwa mikono, kisha tandaza nyasi kavu kati ya mistari, ila zisiguse shina.

Tuseme jirani wawili wamepanda robo ekari kila mmoja, na katika kila miti kumi mmoja ukafa. Kila mmoja ana mapengo yapata 109. Wa kwanza huyaziba mvua zifuatazo kwa miche aliyoiweka akiba, wa pili husema, "Ni machache tu." Kwa muda wa miaka hamsini huyo wa pili atapalilia ardhi ambayo sehemu yake ya kumi haimlipi kitu, na magugu ndiyo yatakayofaidi.

4. KUUFANYA MTI UPANUKE

Mti wa chai ukiachwa hukua juu kuwa mti mrefu. Sisi hatutaki urefu, twataka upana. Kwa hiyo mche mchanga hukatwa kichwa, yapata inchi sita juu ya ardhi, ili utoe matawi ya kando. Matawi hayo yakirefuka hukatwa tena juu zaidi kidogo, na kadhalika, mpaka kiunzi kipana kipatikane. Wengine huinamisha matawi na kuyafunga chini kwa vigingi, nayo huchipuka katika urefu wake wote. Njia zote mbili ni njema. Isiyofaa ni ile ya kuanza kuchuma mapema kwa tamaa ya fedha, maana mti uliochumwa kabla ya kupanuka hubaki mwembamba maisha yake yote.

Kiunzi kikikamilika, machipukizi huachwa yafike kimo cha inchi ishirini hivi, kisha hukatwa sawasawa kwa kufuata ufito uliolazwa. Usawa huo ndio uitwao meza ya kuchumia.

5. KUCHUMA

Kanuni ya kuchuma ni majani mawili na kichipukizi. Jani la tatu na la nne ni magumu, na kiwandani hutoa chai isiyo na nguvu wala harufu. Rudi katika kila mstari baada ya siku saba hata kumi wakati wa mvua. Mwenye kukaa wiki tatu ndipo aje, hukuta majani yamekwisha komaa, akachuma mzigo mkubwa wenye thamani ndogo.

Tumia kikapu chenye matundu, wala usishindilie. Jani la chai likipondeka, maji yake hukutana na hewa na kuanza kugeuka rangi. Mageuzi hayo yatakiwa yafanyike kiwandani, kwa saa zilizopimwa. Yakianza kikapuni, chai imekwisha haribika kabla ya kufika. Joto nalo hufanya hivyo hivyo. Weka majani kivulini, na yafike kituo cha kununulia siku ile ile. Kumbuka kwamba karibu kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu.

Shamba lililokomaa hutiwa mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwa kuwa zao letu ni jani, na naitrojeni ndiyo chakula cha jani. Kila baada ya miaka mitatu au minne miti hupogolewa, inchi mbili hivi juu ya mahali ilipokatwa zamani. Matawi yaliyokatwa yaachwe shambani yaoze; kuyabeba kuwa kuni ni kuiba chakula cha miti yako mwenyewe.

6. BEI NA WAJIBU

Chai ya Kenya huuzwa katika mnada wa Mombasa, ambao ulihamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969. Mkulima hulipwa mara mbili: malipo ya kila mwezi kwa kilo, na bonasi mwisho wa mwaka wa hesabu, kufuatana na bei ambayo kiwanda chake kimeipata. Ni jambo linalojulikana kwamba viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, na vya Gusii vikiwamo, mara nyingi vimelipa bonasi ndogo kuliko vile vya upande wa Mlima Kenya. Wakulima wamenung'unika sana, nao wana haki ya kuuliza. Gharama za kiwanda, uendeshaji wake na soko lake vyote vina sehemu katika jambo hilo, na mkulima, akiwa mwenye hisa, yampasa ahudhurie mkutano wa mwaka na kudai hesabu. Lakini ubora wa jani hutoka mkononi mwa mchumaji. Mtu aliyepeleka majani mawili na kichipukizi huuliza swali lake akiwa amesimama imara. Aliyepeleka majani makuukuu hujibiwa kwa mzigo wake mwenyewe.

Mashamba ya Nyaramba yanazidi kugawanywa kila kizazi. Mtu aliyerithi robo ekari hawezi kuiongeza, lakini aweza kuhakikisha kwamba kila mti katika 1,089 unamlipa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na mwenye kupogoa kwa wakati hakosi cha kuchuma.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Kwa nini mahali palipokuwa zizi hapafai chai, ijapokuwa mahindi hustawi hapo?
2. Eleza sababu ya kutia udongo wa namna mbili katika mfuko wa kitalu.
3. Mti mkubwa hubanduliwa gome kabla ya kukatwa. Faida yake ni nini?
4. Hesabu mapengo yaliyomo katika shamba lako. Ni sehemu gani ya ardhi yako ambayo haikulipi?