Neno Moja, Majibu Mawili: Jinsi Intaneti Inavyotuchagulia Tunachokiona

Wengi wetu huamini kwamba mtu akiandika neno kwenye Google, huonyeshwa kile kile ambacho kila mtu mwingine angeonyeshwa. Sivyo. Mtambo wa kutafutia habari humpangia kila mtumiaji majibu kwa kadiri unavyomfahamu. Tumelichagua jambo hili kuwa somo la toleo hili kwa sababu linagusa usalama: tapeli hunufaika pale mtu anapodhani kuwa kilichotokea juu ya orodha kimekwisha kuthibitishwa.

Mfano wa ndugu wawili

Tuchukue mfano wa dada wawili wanaotafuta maneno yale yale, "kazi za ndani ng'ambo". Mkubwa anaishi Namuwongo, mtaa ulio kando ya reli katika Divisheni ya Makindye, Kampala, ambako wamehamia watu kutoka pembe nyingi za Uganda na nchi jirani. Mdogo yuko Busia, mji uliogawanywa na mpaka, na simu yake ina laini ya Kenya. Mkubwa huenda akaletewa mawakala wa Kampala, na mdogo mawakala wa Nairobi. Tena, ikiwa mkubwa ameshinda wiki nzima akisoma habari za kazi za Ghuba, matangazo ya kazi hizo yanaweza kumfuata hata anapotafuta mambo mengine. Wote wawili watasema wameuona ukweli, ilhali kila mmoja ameona sehemu tu.

Mtambo hututambuaje?

Kwanza, kwa mahali. Anwani ya intaneti ya simu, pamoja na huduma ya mahali ikiwa imewashwa, huujulisha mtambo eneo tulipo. Mpakani alama hizi huweza kukinzana: laini ni ya nchi hii, miguu imesimama nchi ile. Hivyo anayetafuta "kituo cha polisi Busia" anaweza kuletewa kituo cha upande wa pili. Panapotokea dharura, usipoteze muda kutafuta. Piga 999 au 112, na utaje kwanza mji na upande wa mpaka ulipo.

Pili, kwa lugha. Anayeuliza kwa Kiswahili hupata kurasa tofauti na anayeuliza kwa Kiingereza au Kiganda.

Tatu, kwa historia ya utafutaji. Mwaka 2005 Google ilianza kuwapangia majibu wenye akaunti kwa kufuata waliyoyatafuta awali. Desemba 2009 utaratibu huo ulienezwa hata kwa wasioingia kwenye akaunti, kwa kumbukumbu za hadi siku 180 zilizounganishwa na kidakuzi, yaani alama ndogo ambayo tovuti huiacha ndani ya simu au kompyuta. Simu inayotumiwa na nyumba nzima, basi, huchanganya historia za wote: anayoyatafuta baba huweza kuathiri anayoletewa binti.

Nne, kwa fedha. Yaliyo juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, na hayo ndiyo yanayofuata mwenendo wa mtu kwa ukaribu zaidi. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila tofauti hutokana na historia ya mtu. Mara nyingi mahali na lugha hutosha kuileta.

Tufanye nini?

1. Tuangalie alama inayoonyesha kuwa jibu limedhaminiwa. Kulipia nafasi ya juu si ushahidi wa uaminifu.

2. Tutafute maneno yale yale kwa simu ya mtu mwingine, au kwa hali fiche ya kivinjari. Tukumbuke kuwa hali fiche haifichi mahali tulipo.

3. Tufute historia kupitia mipangilio ya akaunti. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mwananchi wa Uganda haki ya kuuliza ni taarifa zake zipi zinazohifadhiwa, na ya kukataa zisitumiwe kumtangazia biashara.

4. Kabla ya kulipa ada au kukabidhi pasipoti kwa wakala wa kazi za nje, tuthibitishe leseni yake katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Anayekataa kuulizwa aripotiwe polisi mapema. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa kubwa chini ya sheria ya mwaka 2009, na ni rahisi kuuzuia kabla mtu hajavuka mpaka kuliko kumrejesha baadaye.

Maswali ya kujadili kikundini

Tafuteni neno moja kwa simu tatu, zikiwemo za laini tofauti. Ni majibu yapi yamefanana, na yapi yametofautiana? Yapi yamedhaminiwa? Je, ni ofisi gani iliyo karibu nanyi ambako mtu anaweza kwenda kuuliza kwa mdomo kabla ya kuamini alichokiona?