Bahati yako, hasara ya nani?

Wiki hii barua nyingine zote nimeziweka kando, tukae na moja. Imetoka kwa mdogo wangu wa Dar ambaye harusi yake iko mlangoni. Mahari imetoka nusu, kamati imeshakaa, kadi za michango zimeanza kugawiwa. Sasa anasema alikutana na kaka mmoja kwenye basi la kutoka Mbeya, wakapiga stori njia nzima, wakashuka bila kupeana namba. Eti "tuliachia bahati". Baadaye wakagongana Kariakoo, Mtaa wa Congo, ndani ya duka la vitenge. Usiku wa siku hiyo akaangalia filamu ya Serendipity, akalia mpaka basi. Anauliza: Dada, hii si ishara?

Tuanze na Kariakoo. Mdogo wangu, Kariakoo nani hukutani naye? Mtu akishuka kutoka mkoani ana hela ya kununua mzigo, unategemea aende wapi? Mimi pale nimekutana na watu ninaowadai na watu wanaonidai, na sijaolewa na hata mmoja wao.

Filamu yenyewe naipenda, nisiwe mnafiki. Ni ya mwaka 2001, imeongozwa na Peter Chelsom. John Cusack ni Jonathan, Kate Beckinsale ni Sara. Wanakutana New York msimu wa Krismasi, ndani ya duka la Bloomingdale's, wote wameshika glavu zilezile za mwisho. Kila mmoja alikuwa anamnunulia mpenzi wake, na hapo mkumbuke vizuri. Wanakwenda kunywa chokoleti ya baridi, wanateleza kwenye barafu pale Central Park, usiku unakuwa mtamu. Kaka anaomba namba. Dada anaandika, upepo unakipeperusha kikaratasi, naye anasema basi, hatukuandikiwa.

Jonathan akikazania, Sara anatunga mtihani. Anamwambia aandike jina na namba yake kwenye noti ya dola 5, kisha anaitumia noti hiyohiyo kununulia peremende. Yeye namba yake ataiandika ndani ya kitabu na kukiuza kwenye duka la vitabu vilivyotumika. Vikirudi, ni riziki. Halafu wanaingia hoteli ya Waldorf-Astoria, kila mtu lifti yake, wabonyeze ghorofa bila kuambizana. Wote wanabonyeza 23. Ila Jonathan anacheleweshwa na mtoto mtundu aliyebonyeza vitufe vyote, na akifika juu, dada ameshaondoka.

Miaka inapita. Jonathan yuko New York, anakaribia kufunga ndoa na Halley. Sara yuko San Francisco, amechumbiwa na Lars, mwanamuziki anayepiga zumari la Kihindi. Na wote wawili, uchumba ukiwa mkononi, wanaanza kutafutana.

Wengi mnapofika hapa mnaanza kupangusa machozi. Mimi naomba tumwangalie Halley.

Ni mazoezi ya harusi, kesho yake ndiyo shughuli. Halley anampa bwana harusi wake zawadi, imefungwa vizuri: kitabu. Amekichagua kwa sababu ameona kwamba Jonathan kila akiingia duka la vitabu vilivyotumika lazima akishike hicho, akifungue, akirudishe, asikinunue. Mwenzetu akadhani mume wake mtarajiwa anakitamani. Jonathan anafungua ukurasa wa mwanzo na kulikuta jina la Sara na namba yake. Usiku uleule anapanda ndege na rafiki yake Dean, anavuka Marekani nzima kwenda San Francisco kumtafuta mwanamke mwingine.

Mnaiona hiyo? Huyu dada alikuwa anamsoma mwanamume wake kwa mapenzi. Aliona jambo dogo ambalo wengi wetu tusingeliona, akalifanyia kazi. Ukiniuliza nani anapenda kweli ndani ya filamu hii, nitakutajia Halley, na malipo yake ni harusi kuvunjika. Namna alivyoambiwa wala hatuonyeshwi. Sara anafika mbio Waldorf kwenda kuizuia harusi, anakuta shughuli haipo, imevunjika, naye analia kwa furaha. Halley alikuwa wapi saa hiyo? Nani alimpigia shangazi yake aliyekuwa njiani? Filamu haina muda naye. Lars wamemfanya kituko, mtu wa kujipenda mwenyewe, ili tusimwonee huruma. Kwa Halley hata kisingizio hicho hawakukitafuta.

Na kitabu chenyewe walichokichagua! Ni riwaya ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1985, Love in the Time of Cholera. Florentino Ariza anamsubiri Fermina Daza miaka 51, miezi tisa na siku nne, mpaka mume wa Fermina afe. Watu huisifu kama hadithi ya penzi lisilochuja. Sawa, lakini wakati anasubiri, huyo bwana alikuwa na madaftari yenye kumbukumbu za mahusiano 622. Uzeeni akamchezea binti mdogo wa shule, América Vicuña, ambaye familia yake ilimkabidhi amlee. Penzi kuu liliporudi binti akaachwa, na akajiua. García Márquez angalau hakuficha. Aliandika wazi nani alilipia.

Kwa hiyo mdogo wangu, swali lako la ishara sitalijibu. Mimi si mpiga ramli. Nakuuliza langu: mchumba wako anajua nini mpaka sasa? Barua yako ina kurasa tatu. Kaka wa kwenye basi umenieleza mpaka rangi ya shati. Mchumba wako umemtaja mara moja, tena kwa habari ya mahari.

Huenda basi na kitenge havina maana yoyote, una hofu tu ya kuolewa. Hofu hiyo ipo, nimewaona wengi wakiwa nayo na wakaolewa vizuri. Huenda pia humpendi huyu mtu, na umefurahi kupata kisingizio kinachotoka mbinguni. Wewe ndiye unayejua. Lakini usimtume Mungu akakuvunjie uchumba uliokubali kwa mdomo wako mwenyewe.

Ukiona hapana, kamwambie. Uso kwa uso, mkiwa wawili, kabla hujamwambia huyo wa Mtaa wa Congo chochote. Usimtume shoga, usiandike ujumbe wa simu saa sita usiku. Kisha mwambie mama au shangazi, wazee wakae na upande wa pili kuhusu mahari. Hili usilichukulie poa: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa aliyevunjiwa ahadi ya ndoa haki ya kudai fidia ya hasara aliyoipata, na ipo pia nafasi ya kudai zawadi zilizotolewa kwa matarajio ya ndoa. Kila wiki unayokaa kimya hasara inaongezeka, na wanaochangia ni watu wenye vipato vyao vya kubangaiza.

Usimlinganishe mchumba wako na kaka wa kwenye basi. Yule hujawahi kumwona akiwa na njaa, wala akiwa hana hela, wala akiwa amekasirika na mama yake. Jonathan na Sara nao walikuwa na jioni moja tu ya kukumbuka, na filamu imekwisha kabla hatujaona nani anaosha vyombo.

Kuna mtu mahali anakupangia zawadi ya harusi sasa hivi. Mpigie leo, muonane kabla kamati haijalipia ukumbi. Mkishaongea, niandikie.