Mnara Upo, Intaneti Iko Wapi?

Leo tujifunze habari ya intaneti isiyotumia waya.

Tuchukue mfano. Mama mmoja analima mahindi katika bonde la Rukwa, chini ya milima. Asubuhi anakuta majani yametobolewa, na katikati ya majani kuna kiwavi. Anakumbuka kiwavijeshi vamizi, aliyeingia katika mashamba ya nchi yetu mwaka 2017. Anapiga picha kwa simu ili amtumie bwana shamba. Picha haiendi. Inazunguka, inazunguka, mwisho simu inakataa. Lakini akipiga simu, sauti inasikika vizuri, na mnara anauona pale kilimani! Sasa shida iko wapi?

Safari ya intaneti

Intaneti inasafiri hatua kwa hatua. Kwanza inapita katika mkongo. Mkongo ni kamba yenye nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Ndani ya nyuzi hizo habari zinakwenda kwa mwanga. Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa mwaka 2009, nao umefika Sumbawanga.

Kutoka mjini kwenda vijijini, habari zinaweza kurushwa hewani kwa mawimbi, kutoka mnara hadi mnara. Mnara wa mwisho ndio unaozungumza na simu yako.

Mawimbi hayo yanakwenda kama mwanga wa tochi. Ukisimama nyuma ya mlima, tochi haikumuliki. Hapo ndipo penye taabu ya Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko bondeni, kama mita 800 tu. Kati yake kuna milima ya Mbizi na ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa. Kwa hiyo mnara wa mjini haumuliki vijiji vya bondeni kama Muze. Lazima uwepo mnara mwingine unaoliona bonde.

Minara haifanani

Mnara wa 2G ni kama njia ya miguu. Mtu anapita na ujumbe wake, lakini lori la mahindi halipiti. Utapiga simu, utatuma fedha, utaandika ujumbe mfupi. Picha na masomo ya video yatakwama. Mnara wa 3G ni barabara ya gari. Mnara wa 4G ni barabara ya lami.

Utajuaje? Washa data, kisha tazama juu ya kioo cha simu. Ukiona E au 2G, ni njia ya miguu. Ukiona H au 3G, ni barabara ya gari. Ukiona 4G, ni lami. Lakini angalia na simu yenyewe: simu ya kitochi ya 2G haitapata 4G hata ukikaa chini ya mnara.

Nani anajenga?

Kampuni za simu hutazama faida. Penye wateja wachache haziendi upesi. Kwa sababu hiyo ilitungwa sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfuko huu huzipa kampuni ruzuku ili zijenge vijijini. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Pia ilikubaliwa kuongeza nguvu minara 304 ya zamani iliyokuwa ya 2G. Kwa hiyo kijiji chenye mnara dhaifu nacho kina haki ya kuomba.

Wenzetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu ulitumia masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi. Masafa hayo hufika mbali na hupenya miti vizuri zaidi. Umeme ulitoka kwenye jua.

Tufanye nini?

Kuuliza si ujinga. Kwanza, pimeni wenyewe. Tembeeni shuleni, zahanati, sokoni na mashambani, mwandike simu inaonyesha nini kila mahali. Pili, pelekeni daftari hilo katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tatu, andikeni barua kupitia diwani kwenda halmashauri na kwenye Mfuko. Msiandike tu "mtandao ni mbaya". Andikeni: "Shuleni ni E, zahanati hakuna kabisa." Barua ya namna hiyo ina uzito.

Kampuni ikiomba eneo la mnara, kumbukeni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Someni mkataba kwanza. Ulizeni: Ni 2G au 4G? Umeme utatoka wapi? Kodi italipwa kwa nani? Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Ndiyo maana tulijifunza kusoma.

Maneno mapya

Mawimbi: nguvu isiyoonekana inayobeba sauti na picha hewani.
Ruzuku: fedha ya kusaidia kazi isiyo na faida ya haraka.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini mama yule aliweza kupiga simu lakini picha haikwenda?
2. Mlima gani unazuia mawimbi kijijini kwenu?
3. Nani ataandika barua, na lini?