Kwa Nini Daktari Hukata Kupita Kidonda?

Somo letu ni saratani ya kinywa. Shabaha yake: tukimaliza, kila mmoja aweze kumweleza mgonjwa wake kwa nini upasuaji huondoa hata nyama inayoonekana nzima.

Swali hili tuliulizwa Matondoni na mzee mmoja, fundi wa majahazi. Alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, kama punje ya hindi, wala hakimuumi sana. Alipoambiwa kitakatwa, alikubali. Alipoambiwa kitakatwa pamoja na sentimita 1 ya nyama pande zote, alikataa. "Wanangu, kigonjwa ni hiki. Hiyo nyama nyingine ina kosa gani?"

Tukamwuliza: Mzee, ubao wa jahazi ukioza, wewe wakata wapi? Akacheka. "Nikikata penye weusi tu, kabla ya kaskazi ya pili chombo chavuja. Sharti nifike kwenye mti mzima." Basi, hata daktari ni vivyo hivyo.

Ukingo safi ni nini?

Saratani hupenya pembeni na chini kwa vijizizi ambavyo jicho halivioni. Nyama ikishakatwa, kingo zake hupakwa wino na kupelekwa maabara. Mtaalamu huitazama kwa darubini na kupima: kutoka saratani hadi wino pana nafasi gani?

- Milimita 5 au zaidi: ukingo ni safi.
- Chini ya hapo: ukingo uko karibu mno.
- Saratani imefika kwenye wino: yamkini nyingine imebaki mdomoni.

Mbona basi daktari apime sentimita nzima? Kwa sababu nyama ikikatwa hunywea. Ukingo usipokuwa safi, mgonjwa huenda akakatwa tena au akapewa mionzi, pengine pamoja na dawa. Mara nyingi tezi za shingo nazo huondolewa, maana ndiko ugonjwa hukimbilia kwanza.

Kuchelewa kuna bei

Ulimi ndio wa kula na kusema. Hauna nafasi ya kupoteza. Kidonda kidogo kikikatwa na ukingo wake, ulimi mwingi hubaki. Kikisubiri, pengo huwa kubwa, hata daktari achukue ngozi ya mkono kuliziba.

Tufanye nini?

1. Kidonda kisichopona kwa wiki 3, doa jeupe au jekundu, au uvimbe shingoni: nenda hospitali Lamu ukaonwe. Usikichome wala kukipaka dawa kali.
2. Kubali kutolewa kipande kidogo cha kupimwa. Bila hicho hakuna ajuaye.
3. Acha sigara, pombe na tumbaku ya kutafuna. Wapenda tambuu, sikieni: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba popoo, hata bila tumbaku, huleta saratani.
4. Jiandikishe SHA mapema, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Safari ya Mombasa au Nairobi si ya kuanza mikono mitupu.
5. Baada ya upasuaji uliza: "Ukingo ulikuwa milimita ngapi?" Ni haki yako. Kisha usikose siku za kurudi kuangaliwa.

Mzee wetu alikaa kimya, kisha akamwita mwanawe: "Tafuta mashua ya Mokowe."

Maswali ya kikundi

1. Ni nani hapa kwetu ana kidonda anachokificha? Tumwendeeje?
2. Nauli ya mgonjwa tutaichanga vipi?